Mchanga wa Doto

Wanaume wa tawi la mashabiki pale Kanyenye walikuwa na vitambi vya kutosha timu mbili na wa akiba, wakaamua kuvipunguza kwa mtindo wao. Kila mmoja alibebeshwa mfuko wa mchanga wenye kilo zilezile anazotakiwa kupunguza. Kila Jumamosi asubuhi walitembea nao hadi Kwihara, njia ya misafara, walikopita zamani wapagazi na pembe za ndovu mabegani. Aliyepungua kilo moja alimwaga kilo moja.

Msoma mizani alikuwa Prosperi. Jumamosi ya kwanza baada ya matembezi Doto, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alipanda na mshale haukurudi nyuma hata kidogo.

"Kaka, nisitiri," Doto alinong'ona. "Hawa watanicheka mpaka Igalula wasikie."

Prosperi akatangaza kapungua kilo mbili. Jumamosi iliyofuata, mbili tena. Huruma nyingine, jamani! Mfuko wa Doto ulikwisha mchanga, kitambi kiko palepale. Wiki ya saba alianguka njiani, mkono kifuani, mfuko mtupu begani. Hakuamka.

Tangu hapo Prosperi hatembei peke yake. Mchana kweupe husikia nyuma yake mchanga ukimwagika, shaaa, taratibu. Akigeuka, njia tupu. Aliogopa, tena aliogopa sana. Chakula hakikushuka, akakonda kuliko wote, na wenzake wakampigia makofi wakidhani ni mazoezi.

Mwishowe uzalendo ukamshinda. Akaenda kwa Siwema, mjane wa Doto, akamkuta uani anachagua mchele.

"Shemeji, zile kilo nilizokuwa natangaza ni uongo. Doto hakupungua."

Siwema aliweka ungo chini. Prosperi alisubiri matusi, hata kofi. Angelipokea kwa mikono miwili.

"Hata moja?"

"Hata moja, shemeji. Nisamehe."

"Alikuwa anarudi ananiambia kapungua," Siwema alisema polepole. "Nami kwa furaha nampikia pilau, nyama ya mafuta, kila Jumamosi. Alikuwa anakataa, Prosperi. Anasema kashiba. Mimi ndiye niliyekuwa namwongezea, namwambia kula mume wangu, umeifanyia kazi."

Aliitazama mikono yake.

"Nilishakubali kuwa ni kazi ya Mungu," Siwema alisema. "Sasa haya umeniletea ya nini?"