Fimbo Juu ya Bega

Mpira ule ulikuwa mdogo kuliko chungwa, mgumu kama jiwe, na ukipigwa sawasawa ulivuma angani. Selipher alikuwa amecheza mpira wa magongo shuleni Kakamega hadi akadhani ameona yote ambayo mwanamke anaweza kuyafanya na fimbo. Kisha wauguzi kutoka Ayalandi wakamwonyesha kamogi, mchezo wa fimbo wa wanawake wa kwao, naye akabaki mdomo wazi.

Yalianzia Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah, nyumbani kwa madam aliyemwajiri kazi za ndani, Bi Wahida, muuguzi ambaye mamake alitoka Unguja. Siku moja Bi Wahida alimkaribisha chai mwenzake wa kazini, Orla wa Ayalandi. Orla akamwona Selipher uani akikimbiza kitunguu kwa ufagio, watoto wa nyumba wakijaribu kumnyang'anya wasiweze. Chai ilipoa. Ijumaa iliyofuata Selipher alikuwa ndani ya kuta za makazi ya wageni, abaya yake imening'inia uzioni pamoja na za wenzake, mkononi ana fimbo iliyopanuka mwishoni kama mwiko wa ugali.

Wanawake wale walidaka mpira kwa mkono na kuupiga ukiwa bado hewani, fimbo zikipaa juu ya vichwa. Selipher alitazama jinsi mtu anavyotazama radi: kwa hofu, na kwa hamu ya kuiona tena. Maana katika magongo ya shule, fimbo ikipita bega karibu na wenzako, mwalimu Lydia alipuliza filimbi na kukutoa nje mbele ya watu wote. Kwa mipira ya chini hakuna aliyempita Selipher. Ila mpira ukija juu, mikono yake ilishuka yenyewe.

Msimu ule timu tatu ziligombea kombe. Riyadh iliishinda timu ya Mkoa wa Mashariki, Jeddah nayo ikaishinda hiyo hiyo, fainali ikawa Jeddah, upande wa Ruwais, alasiri ya joto zito la baharini. Bi Wahida alikuwa amewaleta watoto kwa bibi yao mjini hapo, akaja nao uwanjani.

Mshambuliaji wa Jeddah alikuwa Rosebellah. Yeye na Selipher walikuwa wamepambana tangu shuleni, na sasa naye alikuwa na kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, mjini hapo. Alimsogelea Selipher, mlinda lango wa Riyadh, akitabasamu.

"We Seli, fimbo yako bado iko na adabu ya shule?"

Alijua pa kumchoma. Mpira wa kwanza aliupiga usawa wa kichwa. Fimbo ya Selipher ikainama kama mtu anayesalimia, mpira ukatua wavuni: goli, pointi tatu. Orla, kapteni, alimwambia taratibu kwamba ukipita mwingine wa namna hiyo atamtoa, na kwamba hataki kumtoa.

Wakati wa mapumziko Selipher aliketi kando, taulo kichwani. Bi Wahida akamletea maji, akakaa karibu naye.

"Mie mchezo wenu siujui," alisema. "Ila naona unamuogopa mtu ambaye hayupo hapa."

Selipher alivua taulo kichwani. Alikunywa maji, akarudi uwanjani.

Riyadh ilipanda pointi kwa pointi, mipira ikipita juu ya mwamba wa lango, kila mmoja pointi moja, hadi ikaongoza kwa mbili. Yalla, haraka, walipiga kelele mashabiki wa Jeddah, muda unakwisha. Rosebellah akaunyanyua mpira kwa ncha ya fimbo, akauacha uelee kidogo mbele yake, akaupiga kwa nguvu zote za mwili wake. Uliimba. Ulikuja usawa wa uso wa Selipher, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mikono ilianza kushuka. Aliihisi ikishuka. Akaivuta kutoka chini kana kwamba anachota maji kisimani, fimbo ikapita kiuno, ikapita bega, ikapita sikio, ikakutana na mpira hewani kwa mlio uliowafanya watoto wa Bi Wahida kuziba masikio.

Mpira ulipanda. Wachezaji wa pande zote mbili walisimama, videvu juu, wakiutafuta katika mwanga mweupe. Ulipoanguka, ulikuwa upande wa pili wa uwanja, na mchezo ulikuwa halas, umekwisha, kombe la Riyadh.

Rosebellah alikuwa bado anatazama juu.

"Umeitoa wapi hiyo?" aliuliza, na safari hii hapakuwa na dhihaka.

"Sijui," alisema Selipher. Hakudanganya. Viganja vyake vilikuwa vinavuma hadi kwenye viwiko.