Mia ya Maman Simone

Mshahara wa Tusajigwe uliingia benki kila tarehe ishirini na nane bila kukosa. Kuingia hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuutoa.

Alikuwa mwanamke wa maabara, mzaliwa wa Tukuyu, aliyekuja Lubumbashi, Kongo, kwa mkataba wa miaka miwili kupima sampuli za madini zilizoletwa kutoka Kambove. Kampuni ilimpa nyumba ndogo ya uani mtaa wa Golf. Mwezi Agosti kadi yake ya benki iliisha muda, akaambiwa mpya iko njiani kutoka Kinshasa. Tangu hapo akawa mtu wa foleni. Siku moja dirishani mtandao umekatika, siku nyingine dola zimekwisha, na zikiwepo hapewi zaidi ya mia mbili kwa mwezi. Wakala wa pesa za simu pale kona naye kila mara alisema hana kitu mkononi. Tusajigwe alikuwa na maelfu kwenye karatasi za benki, na mfukoni nauli ya kuokoteza.

Aliyeumia zaidi alikuwa Maman Simone, mjane aliyetoka Katuba kila asubuhi kuja kumfulia na kumpikia kwa dola hamsini kwa mwezi. Septemba hakulipwa, na Oktoba ikaelekea kuisha hivyo hivyo. Kila Tusajigwe alipoanza kujieleza, mama huyo alimkatiza kwa upole kwamba haina neno, franga itakuya, pesa itakuja tu. Akaendelea kukanda bukari, ugali wa kule.

Ijumaa moja ndipo alipoomba mwenyewe alipwe ile mia ya miezi miwili. Binti yake Nono alikuwa amefikisha siku zake. Mimba ilikuwa ya kwanza na mtoto amekaa vibaya. Kwenye maternité, hospitali ya uzazi, walikuwa wameshasema kwamba ikibidi upasuaji, familia iweke kwanza caution, yaani dhamana, ya dola themanini, taslimu. Mume wa Nono alikuwa Kambove akichimba, na simu yake haikupatikana.

Tusajigwe aliomba ruhusa kazini akaenda kupanga foleni. Baada ya saa tatu alipewa noti mbili za mia. Alipofika nje ndipo alipoona kwamba moja imechanika pembeni, kachaniko kadogo tu, urefu wa punje ya mchele, lakini mjini pale dola iliyochanika hata kidogo haikupokelewa. Akarudi mbio. Mwenye dirisha hakuigusa. Alimwonyesha tangazo lililobandikwa ukutani, kwamba pesa ikishaondoka pale benki haihusiki.

Akaenda kwa wabadilisha pesa waliokaa kwenye viti vyao chini ya miavuli. Wa kwanza aliinyanyua noti juani, akaipapasa, akasema atatoa sitini. Wa pili alitikisa kichwa kabla hata hajaipokea. Jasho lilimtoka, na zaidi ya jasho, hasira: pesa yake, jasho lake, halafu kila mtu anaiangalia kama kitu cha wizi.

Kwenye teksi alikuwa na noti zote mbili mkobani, na alijua vizuri ipi nzima. Ile nzima ilikuwa chakula chake na nauli ya kazini kwa juma zima. Akajiambia kwamba Maman Simone ni mtu wa hapa, anajua kusema na hawa watu, hawatamkata kama wanavyomkata mgeni. Alijiambia hivyo mara mbili au tatu. Alipofika nyumbani alikuwa ameshaikunja ile mbovu mara nne, kachaniko ndani.

Maman Simone aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kifuani bila kuikunjua, akamwombea baraka.

Jumapili asubuhi simu iliita Tusajigwe akivaa kwenda ibadani. Aliona jina: Maman Simone. Akahisi mara moja ni habari ya ile noti, na hakuwa na la kumwambia, maana ile mia nzima alikuwa ameshaibadilisha na kuitumia nusu. Akaigeuza simu kifudifudi kitandani. Iliita tena. Iliita mara ya tatu.

Jumatatu Maman Simone hakuja. Jumanne jioni Kapya, mlinzi wa lango, ambaye naye aliishi Katuba, alimweleza yaliyotokea. Uchungu ulikuwa umemshika Nono alfajiri ya Jumapili. Kwenye maternité mtunza pesa aliikataa noti. Maman Simone akaenda nayo mitaani kwa miguu, lakini wabadilisha pesa wengi walikuwa kanisani, na yule mmoja aliyempata alimpa hamsini. Thelathini iliyobaki aliizungukia kwa majirani, kwa faranga kidogo kidogo. Nono alipoingizwa chumba cha upasuaji saa sita ilikuwa imepita. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa ameshakufa. Kapya alisema muuguzi mmoja alidai mtoto alikuwa amechoka tangu mwanzo, pengine asingepona kwa vyovyote. Mwingine alisema sivyo.

Kesho yake Tusajigwe alikwenda Katuba na dola arobaini zilizobaki. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mkeka uani. Maman Simone alimkaribisha, akampisha nafasi kando yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama:

"Mademoiselle, minauliza tu. Ile siku ya kunipatia, ulikuwa unajua?"

Tusajigwe alikuwa na uongo tayari. Alikuwa ameupanga njia nzima. Ukamkwama.

"Nilijua, Maman Simone."

"Na simu?"

"Niliiona."

Dada yake Maman Simone, aliyekuwa amefika kutoka Kasenga kwa ajili ya msiba, hakuwa amesikia vizuri. Akauliza mgeni anasema nini. Maman Simone alivuta kitenge chake akajifunika mabega.

"Anatupatia pole," alisema.

Na wale wanawake wote wakamgeukia Tusajigwe, wakamshukuru kwa kuja kutoka mbali. Mmoja akamletea chai. Alikunywa, kwa sababu hakujua la kufanya.

Maman Simone hakurudi Golf. Kadi ilifika katikati ya Novemba, nayo mashine ikatoa noti mpya kabisa. Tusajigwe alichukua dola mia tatu akaenda tena Katuba, akamkuta Nono peke yake mlangoni, amekonda, mkono mmoja tumboni. Nono alimwambia kwamba mama siku hizi anafua kwa watu wa Bel-Air, anarudi jioni. Akazipokea zile pesa, maana ndani hamkuwa na kitu, akasema merci. Tusajigwe alianza kusema jambo, lakini Nono alikuwa ameshaurudisha mlango taratibu, na akiwa nje akasikia komeo likipita.

Mkataba wake ulikuwa bado na miezi kumi na minne.