Kauzu Atasema

Baada ya arobaini ya mkewe kupita, Msafiri alikwenda kwa miguu hadi kwa Angelina, akasimama nje ya ua na kubisha hodi kwa sauti ndogo, utadhani amekuja kuposa. Angelina alitoka na unga mikononi. Alipoona ni nani, moyo ukampasuka, akajua kuna msiba mwingine.

"Shemeji, kwema huko?"

"Kwema tu." Msafiri alikuwa anawaangalia mbuzi wa jirani. "Ile tamthilia yenu imeisha?"

"Bado. Inaisha wiki ijayo."

"Basi njooni muitazamie nyumbani kama zamani. Wewe na Mwamvua. King'amuzi nimeshakilipia."

Angelina alibaki mdomo wazi, na alikuwa na haki ya kubaki hivyo. Huyu ndiye Msafiri ambaye wanawake wakishaingia kwake saa moja jioni alibeba kiti na redio yake akaenda kukaa barazani, huku akisonya. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapo Msalato, njia ya uwanja mpya wa ndege, na wateja wote wanajua kwamba maneno yake ni ya kuhesabu: ipo, haipo, subiri. Nyumbani aliongeza moja: umekula? Naima aliishi na hayo manne tangu walipotoka Kondoa wakiwa vijana, na mwili wake haukupungua.

Naima mwenyewe hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa na maneno ya watu wawili, na jioni aliyagawa bure. Mwamvua, mtu mzima kuwazidi wenzake, alikuja na kanga yake ya kujifutia machozi. Angelina alikuja na karanga za kukaanga kutoka kwao Haneti. Tamthilia ilikuwa ya Uturuki, imetiwa sauti za Kiswahili, lakini majina ya watu wake yaliwashinda, wakawabatiza upya. Mama mkwe akawa Pilipili. Dada muuza maua akawa Maua. Na mume wake, bwana mmoja mwenye ndevu nzuri aliyemtazama mkewe kama anavyotazama ukuta, akawa Kauzu.

Kila kipande cha jioni kilipoisha ndipo kesi ilipoanza. Kauzu kamwoa Maua kwa nini? Angelina alisema kafuata shamba la baba mkwe, basi. Mwamvua aliapa kwamba yuko mwanamke mwingine mjini, tusubiri tutamwona. Naima akawa anapiga paja lake.

"Nyie, wanaume hamuwajui! Huyu anampenda huyu dada mpaka anaumwa. Kusema ndiko hajui. Lakini atasema. Kabla haijaisha, Kauzu atasema."

Sheria yao ilikuwa moja: anayekisia akakosea, anawapikia wenzake. Mwamvua alishapika pilau kwa sababu ya mtawa aliyemtetea, kumbe mtawa ndiye mwizi wa mtoto. Angelina naye alishachinja kuku kwa ajili ya wakili ambaye yeye aliapa kuwa amekufa, na wiki iliyofuata wakili akafumbua macho hospitalini, kafungwa bandeji kichwa kizima. Naima kwa Kauzu aliweka jogoo, na wali wa nazi juu yake. Halafu akaanza kuumwa. Tamthilia ikaendelea bila yeye, naye akatangulia kabla haijafika mwisho.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijainuliwa, Khalidi, mdogo wake Msafiri, alisimama akatangaza kama ilivyo desturi: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa wafiwa, na anayeweza kusamehe asamehe. Ndani, walikokaa wanawake, Angelina alimnong'oneza Mwamvua, "Na sisi si tunamdai jogoo, kama Kauzu hatasema?" Wakacheka huku wanalia, mpaka wakatolewa macho na akina mama wote. Nasra, binti wa marehemu, alikuwa karibu akasikia. Siku za baadaye alimsimulia baba yake apate kutabasamu kidogo.

Baba mtu hakutabasamu. Neno lile lilimganda. Wadai wengine wote alishawamaliza, hata mama wa mchicha aliyesema amesamehe alimlazimisha apokee. Hili la jogoo halikuwa deni bado, ila lingeweza kuwa. Naye hakutaka liwe. Alitaka Naima awe ameshinda, aondoke hana anachodaiwa na mtu. Ndilo lililompeleka mpaka kwenye ua wa Angelina.

Wakaja. Mwamvua alitoa sharti lake mlangoni, kwamba mlango utabaki wazi, maana yule ni mjane wa kiume na Msalato ina midomo. Wakatandika mkeka. Upande wa dirisha, alipozoea kukaa Naima, hakukaa mtu. Msafiri akaingiza kiti chake ndani kwa mara ya kwanza.

Siku za kwanza aliwachosha. Huyu nani? Analia nini? Mbona jana, yaani juzi, mliniambia ni shangazi? Lakini hazikupita siku nyingi akawa amekolea. Kauzu alipookota kiatu cha Maua kilichokatika mkanda, akaenda nacho kwa fundi bila kusema kitu, Msafiri aliinuka kwenye kiti.

"Mmeona? Mmeona hiyo? Mtu asiyempenda mtu anahangaika na kiatu chake?"

Wanawake wakatazamana. "Shemeji," Angelina alisema, "leo umeongea kuliko mwaka mzima."

Alicheka kidogo, akakaa. Kicheko kikamwishia njiani. Aliyaangalia maganda ya karanga mkekani, akawaangalia wale wawili walivyosukumana mabega, na akauona utamu wote uliokuwa ukipita upande wa pili wa dirisha wakati yeye amekaa na upepo wa vumbi, anasikiliza bei za mazao. Kelele zile alizokuwa akizisonyea, sasa angelipa duka zima kuzisikia jioni moja. Angeingiza kiti tu. Hakuna aliyemzuia. Naima alishamwita mara nyingi, "Baba Nasra, njoo uone watu walivyo vituko," naye akajibu kwa kuongeza sauti ya redio.

Ikafika siku ya mwisho. Maua kachoka, anarudi kwao. Yuko stesheni na begi lake. Kauzu anakuja mbio, shati limetoka nje ya suruali. Mwamvua kajiziba uso na kanga. Msafiri kasimama katikati ya sebule, hata hajui alisimama saa ngapi.

"Sema," akamwambia yule bwana wa kwenye televisheni. "Sema basi!"

Kauzu akafungua mdomo. Akaufunga. Akachukua begi la mkewe, akalipandisha ndani ya treni, akalipangusa vumbi, akashuka. Treni ikaondoka. Yakapanda majina ya waigizaji na wimbo wa huzuni.

"Mjinga!" Msafiri alipiga kelele mpaka mpita njia akachungulia mlangoni. "Mjinga mkubwa wewe! Ungepungukiwa nini?"

Mwamvua alizima televisheni mwenyewe. "Baba Nasra, sisi tumeshasamehe. Tangu siku ile ile. Lilikuwa neno la utani."

"Naima kakosea," alisema Msafiri. "Jumapili mje mle."

Jumapili alipika mwenyewe. Nasra alitaka kuja kumsaidia, akamkatalia. Jogoo alimnyonyoa nusunusu, wali wa chini ukaungua na wa juu ukawa na kiini. Wageni wakala kwa heshima zote, Angelina akasema hata kwao Haneti hajala jogoo mgumu kiasi kile. Wakacheka wote watatu, na kwa muda mfupi nyumba ikasikika kama nyumba ile ya zamani.

Msafiri alikuwa analiviringisha tonge lilelile mkononi.

"Kwa nini lakini alimng'ang'ania yule bwana?" aliuliza. "Nyie mliona mapema kwamba hasemi. Hata mimi, mgeni, siku ya mwisho niliogopa. Naima alikuwa mjanja. Aliona nini pale?"

Angelina alimtazama Mwamvua. Mwamvua akajipangusa mikono taratibu.

"Alisema anamjua mtu wa namna hiyo," alisema Mwamvua. "Kila tulipombishia alisema hivyo. Mimi ninaye nyumbani, anasema. Nikitoka kliniki namkuta amesimama jua kali, kaniletea mwavuli, na hanisalimii. Ananiuliza kama nimekula."

Msafiri alilirudisha tonge kwenye sahani.

"Nilimpenda," alisema. Sauti haikuwa yake. "Nilimpenda sana yule mwanamke. Sijawahi kumwambia, hata mara moja. Hata hospitali. Nilikaa pale pembeni ya kitanda nikijisemea kesho. Kwa hiyo alikosea kwa wote wawili, kwa Kauzu na kwangu."

"Hapana, shemeji." Angelina alisema kwa upole ambao haukuwa kawaida yake. "Yule wa kwenye tivii ndiye aliyekuwa anamkisia. Wewe hakukukisia. Wewe alikuwa anakujua, na alikuwa anatutambia."

Msafiri akalia. Alilia kwa sauti, mlango ukiwa wazi, mikono imejaa mchuzi, mbele ya wanawake wawili wasio ndugu zake. Mwamvua alivuta kanga begani akampa ajifute, na hakuna aliyemwambia mwanaume ajikaze.