Ploti Isiyoruhusu Maharagwe

Maharagwe yalikuwa yameanza kuchemka vizuri juu ya koili ya stima Nereah alipoinama kulisukuma tena lile taulo kuukuu chini ya mlango. Dirisha alikuwa amelifunga tangu asubuhi. Mvuke ulikuwa umejaa chumbani hadi kioo cha picha ya marehemu mumewe Ouma kikawa kinatoa jasho, na watoto wawili waliokaa kitandani walikuwa wekundu wa macho kwa joto.

"Mama," akasema Pam, yule mkubwa, "kwani tunapika maharagwe au tunapikwa sisi?"

"Nyamaza. Sauti yako inapita hata mahali harufu haipiti."

Mdogo, Apondi, alicheka akiwa ameziba mdomo kwa viganja. Karibu naye, pembeni mwa kitanda, ulikuwa mfuko wake wa nguo, umefungwa zipu. Nereah alikuwa ameupanga jana jioni bila kusema neno, na tangu hapo alikuwa anazunguka chumba chote bila kuutazama.

Ploti hiyo ya Kiogoro, pembeni mwa mji wa Kisii, ilikuwa na vyumba kumi vilivyotazamana, na kwenye ukuta wa lango palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: HAKUNA KUCHEMSHA MAHARAGWE, GITHERI WALA MATUMBO. NI AMRI. Stima ilikuwa ndani ya kodi, na mwenye ploti, Mzee Onyiego, alisema maharagwe ndiyo yanayomlia stima. Wapangaji walikuwa wamehamia jiko la makaa. Kisha Mzee akaweka vigae barazani, na makaa nayo yakakatazwa, yasije yakachafua vigae. Ikabaki gesi. Gesi ilipanda bei mara ya kwanza watu wakanung'unika, ikapanda mara ya pili wakanyamaza. Mtungi wa Nereah ulikuwa chini ya meza tangu mwezi uliopita, mwepesi kama debe, watoto wakiutumia kama kiti.

Ndiyo maana kwake kulikuwa kunaliwa vitu vya kuiva upesi: chai na mkate, ugali na sukuma, mayai siku ya neema. Pasaka walipokwenda ushago kwa Dani, bibi yao mzaa baba, upande wa Rachuonyo, Apondi aliulizwa mjini wanakula nini, akajibu kama mtoto anavyojibu. Wiki iliyopita simu ikaja. Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema tu, "Nitakuja Jumapili. Mdogo nitamchukua. Hatuwezi kumzika Ouma halafu tukae tukiangalia watoto wake wakikonda."

Nereah hakubishana. Kubishana na mama aliyezika mwanawe si jambo la kufanyia kwenye simu. Lakini aliamua kwamba huyo mama hataondoka kwake akiwa amekunywa chai na mkate.

Kwenye hoteli ya mjini Kisii alikoosha vyombo, kila Ijumaa kulipikwa chakula ambacho wageni walikiita chili: maharagwe mekundu, nyama ya kusaga, nyanya nyingi zilizokaangwa hadi zikawa rojo, vitunguu, hoho, bizari nyembamba, na pilipili ya kumfanya mtu apenge kamasi. Watoto wake walikijua kwa harufu tu, ile iliyokuja nyumbani kwenye leso yake. Pam alikuwa ameuliza mara nyingi, "Sasa hiyo kitu sisi tutakula lini?" Basi ni leo. Pilipili yenyewe angeitumbukiza nzima bila kuipasua, aitoe kabla ya kupakua, kwa ajili ya Apondi na kwa ajili ya tumbo la mama mkwe lenye vidonda. Nyama aliinunua kwa mchinjaji wa halali ambako jirani yake Hodan hununua, ili watoto wa mlango wa pili wasikae wakitazama.

Maharagwe yalikuwa nusu njia, ganda limelainika lakini moyo bado mgumu, mlango ulipogongwa.

"Mama Pam." Ilikuwa sauti ya Anyona, baba Kemunto, mlinzi wa ploti. "Hiyo kitu inanuka ni maharagwe."

"Ni chai."

"Chai ya maharagwe?"

Hakufungua. Anyona naye hakungoja afunguliwe. Alisikika akitembea kwa ndara zake hadi kwenye kisanduku cha fyuzi nje, kikafunguliwa, kikafungwa. Redio ya Nereah ikakatika katikati ya wimbo wa kanisa. Waya wa koili, uliokuwa mwekundu kama kaa, ukafifia, ukawa wa kijivu. Ndani ya sufuria mapovu yalizunguka kidogo, yakatulia.

Nereah alifungua mlango. Mvuke ukatoka mbele yake.

"Rudisha fyuzi yangu."

Anyona aliishika ndani ya kiganja, kiganja ndani ya mfuko wa koti. Alikuwa mtu wa Manga, huko huko Kisii, mrefu, asiyependa ugomvi, na alisema bila kumtazama usoni. "Mama Pam, mimi nimetumwa. Hii kazi nikiachishwa, wewe utanilisha? Mzee alisema nikipata mtu anachemsha, nitoe fyuzi mpaka kesho."

"Mama mkwe wangu yuko njiani. Sasa hivi. Nitampa maharagwe mabichi?"

"Mpikie mayai kwa jirani."

Kutoka chumba cha mwisho, karibu na choo, ulisikika mlio mwembamba ambao wapangaji walikuwa wameuzoea hadi wakaacha kuusikia. Ni vifaranga wa Mzee Onyiego, mamia yao, wakilelewa chini ya balbu kubwa zisizozimwa mchana wala usiku. Mwanga wa manjano wa balbu hizo ulipita chini ya mlango ukalala kwenye vigae. Nereah aliutazama ule mwanga muda, kisha akamtazama Anyona.

"Zile balbu ni stima ya nani?"

"Ya mzee."

"Mita ni ngapi kwa hii ploti?"

Anyona akakuna shingo. "Ni moja."

"Basi ni stima yetu. Vifaranga wanapashwa joto usiku kucha, na watoto wangu wakipikiwa maharagwe siku moja ni hatia. Uniambie mimi nikuelewe, Baba Kemunto. Niambie polepole."

Anyona aliisukuma fyuzi chini zaidi mfukoni.

Nereah alisimama mlangoni. Alifikiria kuazima gesi, lakini alijua mitungi ya kila chumba ilikuwa mitupu kama wake. Alifikiria kukaanga mayai kwa jirani, na picha ya mama mkwe akiyala kimya, akifuta mikono, akiinua ule mfuko wa Apondi, ikamjia wazi kabisa. Alirudi ndani, akaishika sufuria kwa leso pande mbili, akatoka nayo.

"Pam, lete mwiko, sufuria ndogo na ile karai ya nyama na nyanya. Apondi, kiberiti."

Alipita barazani, juu ya vile vigae, akashuka hadi katikati ya uwanja. Hapo palikuwa mahali pekee pasipo vigae wala saruji, udongo mtupu ambapo gari la Mzee Onyiego hugeuzwa na kuegeshwa anapokuja kukagua. Aliweka sufuria chini. Akaenda ukutani palipobaki mawe ya ujenzi, akarudi na moja kifuani, akalitupa chini. Akaenda tena. Jiwe la pili. Jiwe la tatu.

"Mama Pam, hapo ni pa gari," Anyona akasema.

"Naona gari halipo."

Kuni hakuwa nazo. Alikuwa anatazama huku na huku mlango wa pili ulipofunguka na Hodan akatoka, buibui ameikunja kiunoni, amebeba kreti mbili za mbao ambazo mumewe Abdimajid aliletea bidhaa za duka. Bila salamu aliweka mguu juu ya moja, akavuta, ubao ukakatika.

"Nimesikia yote," akasema. "Hizi zimekauka. Zitashika mara moja."

"Hodan, utaingia matatani."

"Mimi nina miaka minne sijala ambulo, maharagwe yetu ya Kisomali, hapa kwangu. Nikitaka ambulo naenda kwa shangazi Nakuru. Nipe hicho kiberiti."

Moto ulishika. Moshi ukapanda ukapinda kuelekea barazani, na milango mingine ikaanza kufunguka mmoja mmoja. Nereah alibandika sufuria nyingine ndogo kando ya ile kubwa, akamimina mafuta, akatia vitunguu. Harufu ikaanza kutembea. Akatia nyama ya kusaga, akaigeuza kwa mwiko hadi ikaacha kuwa nyekundu, akatia nyanya, hoho, bizari. Watu walikuwa wamesimama barazani kama wanaongoja kuitwa.

Anyona alitembea hadi kwenye pipa la maji. Alirudi na ndoo.

"Mama Pam, mimi sitaki tukosane. Zima, ama nizime."

Nereah alikuwa amechuchumaa. Hakuinuka. Aliweka mkono mmoja kwenye ukingo wa sufuria, ukingo uliokuwa wa moto, na hakuutoa. "Mwaga. Lakini umwage na kwangu. Halafu ukiulizwa hapo nje, useme ulimwagia mama maji kwa sababu ya maharagwe."

Maji yalitikisika ndani ya ndoo. Ni wakati huo lango dogo lilipobishwa, likafunguka, akaingia mwanamke mzee mwembamba mwenye kitambaa cha kichwa cha buluu na kikapu kilichokaa mkononi kama kimezaliwa naye. Mama mkwe alisimama akatazama: moshi, mlinzi mwenye ndoo, mkwewe amechuchumaa udongoni na nguo ya kanisa, wajukuu wake wawili wakipepea moto kwa mfuniko wa plastiki.

"Misawa," akasalimu, bila haraka.

"Misawa, Mama," Nereah akaitika.

"Huyu ana ndoo ya nini?"

Pam ndiye aliyeeleza, kwa Kijaluo cha haraka, bila kuacha kitu: taulo, fyuzi, vifaranga. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Anyona kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe kijana. Mama yako alikulea na nini?"

Anyona alitazama ndani ya ndoo. "Maharagwe, omong'ina," akasema kwa sauti ndogo, akimwita bibi kwa Kikisii.

"Haya. Weka hiyo maji hapo, tutanawa mikono."

Akaiweka. Lakini alijitenga hadi langoni, akatoa simu, na wote wakamsikia akisema, "Mzee, kuna shida hapa. Ndiyo. Ndiyo, uwanjani. Sawa, njoo ujionee."

Nereah aliyasikia na mkono wake haukukoma. Alimimina maharagwe kwenye nyama, akatia pilipili yake nzima, kijani na ndefu, ikaelea juu. Alijua maana ya Mzee kuja. Notisi ilikuwa imepewa watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Alijua pia kwamba kutafuta chumba kingine na watoto wawili, katika mji ambao kila chumba kimepanda, kungemtoa machozi. Alikoroga.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kreti iliyobaki. "Nyar Kano," akamwita kwa jina la kwao, "kwa nini hukuniambia kwamba mmekatazwa kupika?"

"Ningesema nini, Mama? Kwamba sina ruhusa ya kupika? Nilidhani utaniona mimi ndiye mbaya."

Maharagwe yalipoiva, mama mkwe alinyoosha mkono akapokea sahani ya kwanza. Walikula wakiwa wamezunguka moto, sahani magotini, na ugali ambao jirani wa chumba cha nne aliuleta bila kuombwa. Pilipili ilikuwa imetolewa. Apondi alikula sahani yake akailamba, akainua macho akakuta Dani anamtazama, akadhani amekosea. Dani akamwongezea kutoka kwenye sahani yake mwenyewe. Watoto wa Hodan walikula vichwa vimeinama.

Mawingu ya mchana yalikuwa yamefika, na upepo wa mvua ukapita uwanjani. Mama mkwe aliingia chumbani kwa Nereah. Alirudi na mfuko wa Apondi, na Nereah akaweka sahani chini. Yule mama akaufungua zipu pale pale mbele ya watu, akapekua, akatoa sweta, akamvisha mtoto, akamfunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Baridi ya huku ni mbaya," akasema. Mfuko akaurudisha ndani, wazi.

Nereah aliokota sahani yake akamalizia chakula.

Sufuria ilikuwa tupu, makaa bado mengi, ndipo mlango wa chumba cha mlinzi ulipofunguka. Gesare, mke wa Anyona, alitoka na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyolowekwa tangu jana. Hakumtazama mumewe. Aliishusha kando ya mawe kama mtu anayeshika foleni. Nyuma yake akaja mwanamke wa chumba cha saba na ndengu. Kisha mwingine. Nereah alisogeza kuni, akaibandika ya Gesare kwanza.

Honi ililia nje. Ikalia tena, ndefu, kama mtu aliyezoea lango kufunguka kabla hajamaliza.

Anyona alikuwa amesimama na ufunguo wa lango kubwa mkononi. Alitazama sufuria zilizopangwa mahali pa gari. Alimtazama mkewe aliyechuchumaa akipuliza moto, majivu kwenye nywele. Ufunguo akaurudisha mfukoni, akafungua lango dogo tu, lile la watu.

Mzee Onyiego aliingia kwa miguu, kichwa ameinamisha ili asigonge chuma, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Aliangalia moto. Aliangalia watu, na hakuna aliyesimama.

"Ni nani ameruhusu hii?" akauliza.

Nereah alifuta mkono kwenye leso. Kiganja kilikuwa kimeanza kutoa lengelenge.

"Karibu, Mzee," akasema. "Gari liache huko nje. Hii ya Gesare itachukua muda kuiva."