Ruhusa ya Kukata Majani

Saa kumi na mbili asubuhi Octave alikuwa ameshainama kwenye uwanja wa Madamu, Mbelgiji mwenye nyumba, anafyeka kabla jua halijakausha umande. Majani yaliyolowa hukatika vizuri. Yakikauka hulala chini ya chuma na kukucheka. Hayo alijifunza mwenyewe kwa miaka miwili, tangu atoke Lusangi na kuja Kasongo, akatengenezewa kupekupe na Atumani mhunzi, chuma kirefu kilichopindwa nchani. Sasa alikuwa na nyumba sita za Wabelgiji, kila moja na siku yake. Ya saba ilikuwa imemwita juzi, na nyumba saba ni nyingi kwa mgongo mmoja.

"Weye kutafuta watu wawili," Madamu alimwambia kutoka barazani, kikombe cha kahawa mkononi. "Lakini kwanza kwenda biro ya serikali, kuomba karatasi. Bila karatasi, mubaya."

Octave hakutaka utajiri. Alitaka kitu kimoja tu: asilime tena pamba ya lazima, ile iliyopimwa kwa kamba na msimamizi na kununuliwa kwa bei aliyojipangia mnunuzi. Kazi ya majani ilikuwa imemtoa huko. Ikikua, pengine yeye na mkewe Victorine wangekaa mjini kwa haki, bila kujibanza kila polisi anapopita.

Siku sita baadaye alipitia kwa Atumani kunoa chuma.

"Ndugu yangu, miaka mbili hakuna mutu aliyekuuliza," Atumani alisema, mkono ukiendelea na tupa. "Sasa unaenda kuwaambia nini?"

"Nataka kufanya kazi mchana kweupe."

"Na sasa hivi unafanya usiku?"

Walicheka wote wawili. Lakini Octave alikuwa na ugonjwa wa watu waaminifu: aliamini kwamba anayejipeleka mwenyewe hakamatwi. Akavaa shati lake jeupe, akaenda kujipalia makaa kwa miguu yake.

Alisimama chini ya upenu wa ofisi tangu saa tatu mpaka saa nane. Hatimaye aliitwa na karani Emile, kijana aliyesomeshwa na mapadri, mwenye miwani na tai hata kwenye joto lile.

"Unatoka wapi?"

Hapo angeweza kudanganya. Wengi walidanganya na wakalala kwao.

"Lusangi, bwana karani."

Emile akafunga daftari la kwanza, akafungua la pili, la mashamba ya Lusangi, akashusha kidole taratibu mpaka kikasimama kwenye jina lake.

"Shamba yako ya pamba iko wapi?"

"Muke wangu alilima mwaka wa kwanza. Kisha akanifuata huku."

"Kwa hiyo haiko."

"Haiko. Lakini niko na kazi. Ninakata majani ya Wazungu, nyumba sita."

"Kazi ya majani haiko humu. Pamba ndiyo iko." Emile alivua miwani, akapunguza sauti. "Mutu wangu, nani alikutuma kuja hapa?"

Mlango wa bwana mkubwa, Mbelgiji mkuu wa ofisi, ulikuwa wazi, na bwana mkubwa alikuwa amesikia. Alitia saini bila kuinua kichwa: siku saba gerezani kwa kuacha pamba, kisha arudishwe Lusangi kabla ya msimu wa kupanda. Shati jeupe lilibaki kwa askari wa zamu.

Asubuhi iliyofuata wafungwa walitolewa kwenda kufyeka, kumi na yeye wa kumi na moja, polisi nyuma yao na bunduki. Walipoingia kwenye uwanja wa Madamu, Octave alitamani ardhi immeze.

"Octave!" Madamu alimtambua kwa furaha ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. "Muzuri sana! Weye kufundisha hawa. Kisha kila wiki wao kuja, bure."

Octave alikuwa ametaka watu wawili. Serikali ilimpa kumi.

Ulikuwa mwezi wa sita, mvua zimekwisha. Anayeijua kazi hii huacha majani yenye urefu wa vidole vinne, mizizi ipate kivuli mpaka mvua irudi. Wafungwa walisimama mstari mmoja wakimtazama mikono.

"Wakate mupaka wapi?" polisi aliuliza.

Octave aligusa majani kwa ncha ya chuma.

"Chini kabisa," alisema. "Chuma kiguse udongo."

Wakainama. Nyuma yao uwanja ulibaki mweupe, umenyolewa, na Madamu akapiga makofi barazani, maana hakuwa amewahi kuuona safi namna ile. Majani hayo Octave aliyapanda mwenyewe, kishina kwa kishina, na roho ilimuuma kama mtu anayechinja mbuzi aliyemlea. Walipofika kwenye ua aliwageuza, wakaanza mstari mwingine.