Mwaka wa Kugombania Mkia

Uvira tulikuwa na sekondari mbili za serikali, ya juu kando ya mlima na ya chini kando ya ziwa. Tangu uhuru, madirekta wake, yaani walimu wakuu, hawakusalimiana kabla ya kulinganisha asilimia za waliofaulu. Direkta wangu wa shule ya juu, Jean-Berchmans, alibandika matokeo yetu penye forodha ya Kavimvira ili hata wabadilisha fedha wayasome. Sévère, direkta wa shule ya chini, alibandika ya kwake juu ya yetu. Mimi, Inamahoro, binti wa wakulima wa Mutarule, nilikuwa wa kwanza darasani miaka mitatu mfululizo, na miaka yote mitatu jina langu lilizikwa chini ya gundi ya Sévère. Sijamsamehe hadi leo.

Mwaka 1964 waasi wakaingia mjini, na habari ikavuma kwamba wanawakamata wasomi. Juma la pili komanda wao akawaita madirekta wote wawili. Aliagiza pia aletwe mwanafunzi mmoja wa kupimwa, nikaokotwa mimi.

Njiani Jean-Berchmans akaninong'oneza, "Inamahoro, mwanangu, leo ukijibu muzuri, weye unaniua."

Tuliposimama mbele yake, komanda akauliza, "Shule gani iko na basomi mingi?"

Sévère akawahi. "Si ya kwangu, mukubwa. Kwa batoto makumi ine, balianguka makumi tatu."

"Ba kwangu balianguka makumi tatu na moja," akasema Jean-Berchmans.

"Na benye balipita kwangu, balikopia."

"Ba kwangu balikopia, na bakaanguka."

Uongo mtupu. Hao thelathini na mmoja ndio waliofaulu, na nilikuwa mbele yao wote. Nilimeza hasira, maana uhai wa mtu ulikuwa mezani.

Komanda alichoka nao, akanigeukia. "Weye mutoto. Saba mara munane ni ngapi?"

Nilitazama viatu vya direkta wangu. Nikakumbuka onyo lake la njiani.

"Makumi sita," nikasema kwa aibu.

"Makumi tano na sita," wakasema madirekta wawili kwa pamoja, kwa ile sauti ya kugonga ubao. Kisha kila mmoja akajiziba mdomo kwa mkono.

Jean-Berchmans alianza kuvua saa yake anikabidhi nimpelekee mkewe, nami nikalia waziwazi, sikujali bunduki wala nini.

Komanda akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku la risasi, akijipangusa macho.

"Bantu benye bashindwa kuficha hesabu moja," akasema, "bataficha njama gani? Mwende. Masomo ianze siku ya kwanza."

Tulitoka bila kukimbia, ingawa miguu ilitaka. Tulipofika barabarani nikangoja wanishukuru, au basi wamshukuru Mungu. Jean-Berchmans akanishika bega.

"Inamahoro, sema kweli. Nani alitangulia kujibu?"

Sévère naye akasimama, akatega sikio.

"Mulisema pamoja," nikasema.

Wote wawili wakasonya, kila mmoja akashika njia yake. Siku hiyo ya kwanza, yaani Jumatatu, mbele ya darasa zima, direkta wangu akafungua daftari la maksi na kuniandikia sifuri ya saba mara nane.