Funda la Mpishi

Kama kuna mtu anayejua kunikera bila kupandisha sauti, ni mdogo wangu Efraimu. Nimempelekea mteja hadi mlangoni, huko juu Mbebe, gari limekwama kwenye tope mara mbili, viatu vyangu vimekwisha, naye amesimama mbele ya kiwanda chake anatabasamu kana kwamba tumekuja kumjulia hali.

Mteja mwenyewe alikuwa Mzee Makene, mfugaji aliyehamia bonde la Momba zamani na ng'ombe wake, sasa ana baa mbili Chitete na nyumba ya wageni Tunduma. Alikuwa anatafuta pombe ya ulezi ya chupa, safi, ya kumpa mgeni bila aibu. Mimi nina mgahawa Chapwa na yeye hula kwangu, basi nikamshika hapohapo mezani. Nikamwambia mdogo wangu anapika kwa mkono wake, kuanzia kimea mpaka kizibo, hakuna mtu mwingine anayegusa. Nilitia chumvi kidogo. Biashara ndivyo ilivyo.

Ambalo sikumwambia ni kwamba mpishi huyo hanywi. Efraimu alikuwa mlevi hasa, wa kuokotwa mitaroni, wa kuuza sufuria ya mkewe kabla haijaoshwa. Kisha akaacha. Siku ile alikuwa na miezi saba hajagusa tone. Anapika, na mkewe Ruti ndiye anayeonja. Ruti akisema bado, anasubiri, akisema tayari, anajaza chupa. Tulimsihi aachane na kupika pia, akajibu hana kazi nyingine anayoijua. Sasa chupa zilikuwa zimejaa stoo bila mnunuzi. Asingepata mteja wa kudumu angefunga kiwanda, na Efraimu akikaa bure, ukoo mzima unajua atakwenda kukaa wapi.

"Karibu dada. Shikamoo mzee, karibu."

"Ruti yuko wapi?" nikamuuliza.

"Amekwenda msibani Itumba. Atarudi jioni."

"Leo? Si nilipiga simu kwamba tunakuja?"

"Msiba haupigi simu, dada."

Mzee Makene wala hakusikia, alikuwa ameshatoa simu anapiga picha. Ni kweli pale pazuri: kiwanda kiko ukingoni mwa mteremko, chini migomba, chini zaidi Mto Songwe, na ng'ambo milima ya Malawi imejipanga mmoja nyuma ya mwingine. Alipiga milima, akapiga mapipa, akapiga moshi wa jikoni, akanipa simu nimpige yeye na milima. Nusu saa nzima. Njaa inaniuma na mandhari hayanywewi.

Hatimaye alikaa kwenye benchi. Efraimu akachota kwenye pipa kwa kata ya kibuyu, povu likasimama vizuri, akampa kwa mikono miwili. Makene hakupokea.

"Anza wewe," alisema.

Hakuna kitu cha ajabu hapo. Kwao ni hivyo na kwetu ni hivyo: pombe ya nyumba usiyoizoea, aliyeipika anatangulia kunywa mbele ya mgeni, wasiwasi unaondoka. Nimeona desturi hiyo tangu nimezaliwa. Nami nilikuwa nimepanga kila kitu, gari, siku, hata mvua nilikuwa nimeipigia hesabu, nikasahau hilo moja!

Nikaidaka kata. "Lete, naonja mimi, ni nyumbani kwangu hapa." Nikapiga funda kubwa.

Makene alinitazama kwa upole. "Mama Happy, umepika wewe?"

"Mimi ni dada yake."

"Si ulisema hakuna mtu mwingine anayegusa?"

Ulimi uliponza kichwa. Nikajifuta povu mdomoni.

"Mzee," Efraimu alisema taratibu, "mimi pombe niliacha. Mke wangu ndiye anayeionja. Ukisubiri mpaka jioni atakunywa mbele yako."

"Mpishi anakikimbia chungu chake," Makene alisema, "halafu mimi nikipeleke kwa wageni wangu?" Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akavaa kofia yake, akashukuru kwa picha, akaanza kwenda kwenye gari.

Nikamvuta Efraimu nyuma ya mapipa.

"Funda moja. Moja tu, unaweza hata kulitema baadaye!"

"Dada, unajua unachoniomba?"

"Najua! Najua pia kwamba yule akishuka huu mlima hapandi tena. Ruti atakula picha za milima?"

"Tumsubiri Ruti."

"Miezi saba umeweza, funda moja litakushinda? Basi wewe si mwanaume, ni kibuyu."

Nilisema hivyo kweli. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri niseme natania. Sikusema. Akapita pembeni yangu, akamwita mzee, akachota, akanywa.

Makene akarudi. Akapokea kata, akanywa, akafumba macho, akanywa tena mpaka mwisho, akajifuta mdomo kwa kiganja. "Hii ndiyo pombe," alisema. "Kreti ishirini kila wiki. Gari langu litakuwa linakuja Jumanne."

Nilipiga vigelegele peke yangu. Nikampa mkono, nikamshukuru, nikamsindikiza hadi garini nikimweleza njia nzuri ya gari la Jumanne kupita wakati wa mvua. Mwili wangu ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha nikageuka nimpongeze mdogo wangu.

Alikuwa ametupa mgongo, ameinamia pipa. Kata ilikuwa mdomoni, imeinuliwa juu kabisa.

"Efraimu, inatosha. Ameshakubali."

"Naangalia chachu tu, dada," alisema bila kugeuka, na akachota tena.

Makene alipiga honi tuondoke. Nikamwambia atangulie. Nikakaa kwenye benchi kumngoja Ruti, natafuta la kumwambia.